Mnaotaka kumsaidia rafiki aliyepoteza biashara kwa mafuriko, msikimbilie kununua mzigo

Ndugu uliyeuliza, umesema rafiki yako duka lake la vyakula limeingia maji, mmechanga hela na mnataka mumnunulie mzigo mpya afungue haraka. Nakuomba usome hii yote kabla hamjanunua kitu, ni ndefu ila nimeyapitia kwa mama yangu mdogo na najua pale tulipokosea palitugharimu kiasi gani.

Mama mdogo ni fundi cherehani. Chumba kimoja, vyerehani vitatu, ovaloki moja (ile mashine ya kuziba kingo za kitambaa zisifumuke), na wasichana wawili anaofanya nao kazi. Mto ulijaa usiku, maji yakaingia mpaka usawa wa kiuno yakakaa karibu siku mbili, yalipotoka yakaacha tope la kunata kila mahali, mpaka ndani ya droo za uzi. Mimi ndo nilifika wa kwanza na nilifika na hasira ya kufanya kazi, nikaanza kutoa vitu nje na kutupa, ovaloki ilikuwa imeharibika kabisa nikampa mtu wa vyuma chakavu siku hiyohiyo. Sikupiga picha hata moja. Wiki mbili baadae tunasoma karatasi za mkopo wake tunakuta ndani kuna bima, tena inagusa mafuriko, alikuwa anaikatwa kila mwezi bila kujua. Wakatuuliza ushahidi wa ovaloki uko wapi. Hatukuwa nao, na ile ndo ilikuwa mashine ya bei kubwa kuliko zote. Mpaka leo ikinijia kichwani inaniuma.

Kwa hiyo picha kwanza, jamani. Piga kila kitu kabla hakijasogezwa, piga alama ya maji ilipofikia ukutani, piga namba za mashine, chukua na video ukitembea taratibu huku mwenyewe anataja hiki nini na alikinunua lini. Halafu mkatafute ile mikataba ya mikopo muisome mstari kwa mstari, maana bima nyingi za watu wadogo zimejificha humo. Umeme usiwashwe mpaka fundi umeme akague, hata kama kunaonekana kumekauka, tope linabaki ndani ya soketi. Na kama mtatumia jenereta ikae nje mbali na madirisha na milango, moshi wake una gesi isiyo na harufu na inaua watu wakiwa wanafanya usafi tu.

Sasa nije kwenye kitu ambacho naona watu wengi hawakioni. Mimi nilidhani biashara ya mama mdogo ni vyerehani. Yeye siku ya pili alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, hasemi, simu inaita hapokei, nikamuuliza mama unatafuta nini, akasema "Daftari langu, mwanangu." Daftari la vipimo. Miaka mingi ya watu, kifua, kiuno, urefu wa mkono, nani kaleta kitambaa gani, nani kalipa nusu, nani anadaiwa. Tulilikuta chini ya meza limevimba kama sponji. Nilitaka kulifungua palepale, bahati nzuri jirani mmoja aliyewahi kufanya kazi ya kutunza nyaraka akanizuia mkono, akasema karatasi iliyolowa ukilazimisha inachanika, na ukiiacha hivyo ukungu unaanza ndani ya siku moja au mbili. Tukalifunga kwenye mfuko wa plastiki tukaliweka kwenye friza yake. Likishaganda ukungu hauendelei, na unapata muda wa kushughulika na mambo mengine. Baada ya wiki tukawa tunalitoa kidogo kidogo, linayeyuka, tunatenganisha kurasa kwa kisu butu cha mezani, katikati ya kila ukurasa tunaweka karatasi nyeupe ya kunyonya maji, feni inapuliza kwa mbali. Kurasa alizoandika kwa bolpeni ya kawaida zilisomeka karibu zote. Zile za peni ya wino wa maji zilibaki madoa ya bluu tu.

Mama mdogo aliposoma jina la kwanza kwa sauti, hapo ndo nikaona amerudi.

Kutoka kwenye lile daftari tukaandika orodha ya watu wenye vitambaa vyao pale, akaanza kuwapigia mmoja mmoja. Alikuwa anaona aibu sana, alijua watamgombeza. Nikakaa pembeni yake, simu tano za kwanza mkono unamtetemeka. Aliwaambia ukweli, kitambaa chako kimelowa nimekifua na kukianika, kiko hivi, njoo ukione, kama hukitaki nitakulipa taratibu. Kuna waliokasirika, ni haki yao. Ila wengi walimpa pole, na wawili wakamwambia wana nguo za kurekebisha, waje nazo lini? Yaani kazi ya kwanza baada ya mafuriko ilitoka kwenye simu za kuomba msamaha.

Tukamtafutia cherehani kimoja cha kuanzia. Kile cha kukanyaga kwa mguu kilipona, tulikisuuza tope kwa maji safi kabla halijakauka, tukakausha, mafuta ya cherehani kila tundu, tukakizungusha taratibu kwa mkono siku nzima. Vile vya mota hatukuvigusa mpaka fundi alipovifungua. Akaketi barazani na kile kimoja, hakuna rafu, hakuna bango, anafupisha suruali na kubadilisha zipu. Kitambaa kipya hajanunua hata mita moja. Hela ilikuwa ndogo ila inaingia kila jioni, na mtu aliyepoteza kila kitu akiona hela ya jasho lake inaingia anaanza kupanga mwenyewe, hapangiwi tena na wewe msaidizi.

Kuhusu madeni, hapa msichelewe. Aende kwa mkopeshaji kabla rejesho halijapita tarehe, akapeleke picha na barua fupi ya kuomba apangiwe upya marejesho. Aulize riba inaendelea kuhesabiwa wakati marejesho yamesimamishwa? Jumla itakuwa ngapi mwishoni? Wakikubali wampe kwa maandishi. Kwa wanaomuuzia jumla aende kwa miguu yake, asitume ujumbe. Mama mdogo alienda na daftari lile lililokunjamana, akamwonyesha muuza vitambaa deni lake liko pale limeandikwa hajalikana, yule mtu akampa mzigo kidogo kwa mali kauli. Nadhani kilichomgusa ni ile karatasi.

Kitu kingine, msikilize mwenye biashara hata ukiona anakosea. Mchango wa ukoo ulipofika mimi nilitaka tununue ovaloki, yeye akasema wale wasichana walipwe kwanza mwezi wao. Nikaona ni hasara, nikabishana naye kabisa. Alikuwa sahihi, wangeondoka wangekwenda kwa fundi mwingine na nusu ya wateja wanawajua wao kuliko wanavyomjua yeye. Siku hizi nikichangia mtu nampa hela mkononi, yeye ndo anajua tundu liko wapi.

Ukuta msiupake rangi upesi. Ukuta uliolowa unahitaji wiki nyingi kukauka, ukiupaka mapema unyevu unabaki ndani na rangi inabanduka yote. Mkitumia dawa ya klorini kusafishia msiichanganye na sabuni au dawa nyingine, hasa yenye amonia, inatoa gesi ya sumu.

Na kwa kuwa rafiki yako anauza vyakula, unga na nafaka za kwenye magunia na maboksi yaliyoguswa na maji zitupwe, hata kama katikati pamekauka, maji ya mafuriko yanabeba maji ya vyoo. Ya makopo mazima yasiyobonyea wala kutoboka yanaweza kuoshwa na kutiwa dawa. Najua inauma kutupa, ila mteja mmoja akiumwa tumbo habari inazunguka mtaa mzima. Pigeni picha kabla ya kutupa, narudia tena.

Kwa hiyo leo, kabla ya mzigo, mwulize vitu viwili: daftari la wadaiwa na wanaomdai liko wapi, na ana mkopo mahali? Kama daftari limesombwa, kaeni naye jioni mfungue miamala ya simu na ya benki, jina moja moja, anaweza kulijenga upya sehemu kubwa. Mama mdogo sasa hivi kila Jumamosi anapiga picha kurasa za wiki hiyo ananitumia. Kama kuna mkopo nijulishe, ile barua tuliyomwandikia mkopeshaji bado ninayo, nitakuwekea hapa ubadilishe majina tu.