Kausha kwanza, kichocheo baadaye

Nyinyi vijana mnaoanza utafiti wa polima (molekuli ndefu za minyororo, kama za plastiki) hapa Unguja, najua mnakimbilia majina ya vichocheo. Mimi nakuombeni muanze na kuondoa maji. Hewa yetu ina unyevu mwaka mzima, na wakati wa masika hata chumvi ya mezani hulowa. Kopolima za bloku, yaani minyororo iliyounganisha vipande (bloku) vya polima tofauti, haziwezi kutengenezwa katika hali hiyo.

Fanyeni hesabu. Mkitaka bloku ya polistirini yenye uzito wa molekuli 100,000, kwa gramu 100 za stirini (monoma yake, yaani molekuli ndogo inayojenga mnyororo) mtatumia milimoli 1 tu (milimoli ni kipimo cha idadi ya molekuli) ya butili-lithi, maana kila molekuli yake huanzisha mnyororo mmoja. Tone la maji la miligramu 50 ni karibu milimoli 3. Linaua minyororo yote, na maji mengine yanabaki. Basi vyombo vya kioo vikae ndani ya oveni usiku kucha, na vipoe ndani ya nitrojeni kavu. (Butili-lithi ni kianzishi, si kichocheo: kipande chake hubaki kwenye mnyororo. Msivichanganye kwenye ripoti.)

Mwaka 1956 mkemia Michael Szwarc alionesha kwamba ncha ya mnyororo wa namna hii hubaki hai hata monoma ikisha. Ukitia monoma nyingine, mnyororo unaendelea kukua, na bloku ya pili inapatikana. Tazameni rangi: polistirini hai ni ya machungwa au nyekundu, na ukitia butadieni, monoma ya bloku ya pili, hufifia ikawa njano. Rangi ikipotea kabla hujatia kitu, ncha zimekufa. Butadieni ikiwa na unyevu, baadhi ya minyororo hufa palepale, na kromatografia (kipimo kinachotenganisha minyororo kwa ukubwa) itatoa kilele cha pili cha polistirini tupu. Msikifiche kilele hicho. Kinakuonesheni uchafu ulipoingilia.

Vichocheo vyenyewe vifuate baada ya hapo. Njia ninayoipenda kuliko zote ilitangazwa na watafiti wa kampuni ya kemikali ya Dow mwaka 2006: katika tangi moja, kichocheo cha zirkoni hujenga sehemu ngumu ya ethilini, na cha hafni huingiza okteni (monoma nyingine) nyingi, ikawa sehemu laini. Diethili-zinki huupokea mnyororo huku na kuupeleka kule, kama abiria anayeunganisha daladala. Lakini diethili-zinki huwaka ikigusa hewa, kwa hiyo mchanga mkavu uwe karibu, na maji yasisogee kabisa.

Polithini na polipropilini, plastiki tunazookota fukweni, hazishikani zikiyeyushwa pamoja. Mwaka 2017 kundi la Geoffrey Coates wa Chuo Kikuu cha Cornell lilionesha kwamba kopolima yenye bloku za zote mbili, ikitiwa asilimia 1 tu, huzishikamanisha. Anayetafuta mada ya utafiti visiwani kwetu, aanzie hapo.