Maswali na majibu: Njia ya mkato si faili lako

Nilikopi ripoti yangu ya fildi kutoka kwenye deskitopu nikaiweka kwenye fleshi. Steshenari wanasema haifunguki. Kompyuta yao ni mbovu? – Mwanafunzi, Morogoro

Kompyuta yao ni nzima. Ulichokopi ni njia ya mkato (‘shortcut’ ya Windows), ile ikoni yenye mshale mdogo kwenye kona ya chini kushoto. Swali hili linakuja kila muhula ukikaribia kwisha, na kila mara jibu lilikuwa mbele ya macho ya muulizaji: bofya kulia, fungua ‘Properties’, soma ukubwa. Ripoti ya kurasa 40 yenye picha haiwezi kuwa na KB 2.

Njia ya mkato hubeba anwani ya faili tu. Anwani hiyo iko kwenye diski ya kompyuta yako, steshenari haipo. Na usijipe moyo kwa kuijaribu nyumbani: ukiibofya kutoka kwenye fleshi, kwa kompyuta yako itafunguka vizuri kabisa, kwa sababu faili bado liko kwenye diski. Wengi wanaponzwa hapo.

Bofya kulia ikoni hiyo, chagua ‘Open file location’. Folda itafunguka na faili lenyewe litakuwa limechaguliwa. Hilo ndilo la kukopi. Weka na nakala ya PDF pembeni yake, maana kompyuta isiyo na fonti zako itakuvurugia kurasa.

Nikifuta njia ya mkato, programu nayo inafutika?

Hapana. Programu inaondolewa kwenye ‘Settings’, sehemu ya ‘Apps’.

Folda zote kwenye fleshi zimegeuka njia za mkato. Nimezibofya moja moja, hazionyeshi kitu. Nifomati? – Mwalimu, Kisii

Usifomati, mwalimu, na usibofye tena hata moja. Hicho ni kirusi. Kimezificha folda zako za kweli, kisha kikaweka njia za mkato zenye majina yale yale. Kila ukibofya unakiendesha upya, na sasa huenda kimeshaingia kwenye kompyuta. Ukitaka kuhakikisha, bofya kulia mojawapo, nenda ‘Properties’, soma sanduku la ‘Target’. Ukikuta cmd.exe au wscript.exe mahali pa jina la folda yako, jibu umelipata.

Anza na kompyuta. Sasisha kizuia virusi, skani diski nzima, kisha fleshi. Ukianza na fleshi, utaisafisha na itaambukizwa tena dakika hiyo hiyo. Baada ya hapo fungua ‘Command Prompt’, dirisha la kuandikia amri, uandike, ukiweka herufi ya fleshi yako badala ya E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter, usubiri. Folda zitarudi. Wakati mwingine kazi zote huwa zimesukumwa ndani ya folda moja isiyo na jina, kwa hiyo ikague kabla ya kudhani zimepotea. Kopi kazi zako, futa zile njia za mkato, na hapo sasa ukitaka kufomati, fomati.

Naomba hatua za kutengeneza njia ya mkato.

Shika Alt, buruta faili hadi kwenye deskitopu, achia. Au bofya kulia, ‘Send to’, ‘Desktop’. Kwenye Windows 11 pitia kwanza ‘Show more options’. Programu iliyotoka Microsoft Store isipopatikana kwa njia hizo, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika shell:AppsFolder, halafu iburute kutoka humo.

Deskitopu yangu imejaa hadi sioni picha ya nyuma, na kompyuta imekuwa nzito. Nifute njia za mkato? – Karani, Tanga

Njia za mkato hata 60 hazitakulemezea kompyuta. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya ‘Startup’, uangalie orodha ya programu zinazojiwasha zenyewe, zima usizozihitaji.

Kinachotia wasiwasi ni hizo ikoni zako zisizo na mshale. Hayo ni mafaili yenyewe, na deskitopu ni folda iliyo kwenye diski C, ndani ya C:\Users. Fundi akipiga Windows upya bila kukopi, barua na hesabu zote za ofisi zimekwenda. Hamishia kazi kwenye folda moja ndani ya diski D kama unayo, weka nakala kwenye diski ya nje, na deskitopuni acha njia ya mkato ya folda hiyo pamoja na za programu unazofungua kila siku. Ukitegemea OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, nafasi ya bure ni GB 5 tu, na ikishajaa mafaili mapya hayapandi.

Ikoni zangu kila nikizipanga zinarudi kushoto.

Bofya kulia mahali patupu, ‘View’, ondoa tiki kwenye ‘Auto arrange icons’. Ile ya ‘Align icons to grid’ iache na tiki yake.