Anza na ratiba ya zamu

Ndugu msimamizi, umeuliza kama semina moja ya msongo wa mawazo itawasaidia wahudumu wako wa simu ambao wamechoka na wameanza kukosa kazini. Ninavyoona, anza na ratiba ya zamu, kwa sababu mtu anayetoka saa nne usiku na kutakiwa kurudi saa kumi na mbili asubuhi, baada ya kutwa nzima ya kutukanwa na wateja, hatapona kwa kusikiliza mhadhara. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2022 kuhusu afya ya akili kazini unapendekeza mameneja nao wafunzwe; kwa hiyo jifunze kuzungumza na mfanyakazi faraghani, ukimuuliza ni sehemu gani ya kazi inayomwelemea, bila kumlazimisha akueleze siri za afya yake. Akihitaji kupumzika, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania inampa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na zilizobaki kwa nusu mshahara, mradi alete cheti cha daktari. Atakaporudi, tafadhali usimrundikie viporo vyote siku ya kwanza.