Muulize Sista: Chakula kizuri apewe mgonjwa peke yake?

SWALI

Sista, shikamoo. Mume wangu amegundulika na kifua kikuu mwezi uliopita na ameanza dawa. Nyumbani tuko sita: sisi wawili, watoto watatu na mama mkwe. Mimi nauza maandazi, mwenzangu alikuwa anapakia machungwa kwenye magari, sasa hana nguvu. Mama mkwe anataka vyombo vya mgonjwa vitengwe, na mboga nzuri ikipatikana ale yeye tu kwa kuwa ndiye anayeumwa. Mpwa wangu anasoma udaktari India. Kanipigia simu akaniambia huko waligawa mchele na dali, yaani dengu au mbaazi zilizopasuliwa, kwa familia nzima na kifua kikuu kikapungua. Mchele unazuiaje kifua kikuu, Sista? Ni kweli, au kijana ananipa moyo tu?

Mama Z., Muheza

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuuguza. Mpwa wako amekuambia kweli tupu. Nataka nikueleze vizuri, kwa sababu utafiti huo umenigusa mimi mwenyewe niliyegawa dawa za kifua kikuu kwa zaidi ya miaka thelathini.

Ulifanyika Jharkhand, jimbo la mashariki mwa India, katika wilaya nne. Wengi wa walioshiriki ni watu wa makabila ya asili ya huko, Wasanthal, Waho, Wamunda na Waoraon. Waliouongoza ni Dk. Anurag Bhargava na Dk. Madhavi Bhargava wa chuo cha udaktari cha Yenepoya, mji wa Mangaluru. Kuanzia Agosti 2019 waliandikisha wagonjwa 2,800 wa kifua kikuu cha mapafu, pamoja na watu 10,345 wanaoishi nao nyumba moja. Wagonjwa wote, bila kubagua, walipewa mfuko wa chakula kila mwezi, wa kama kilo 10. Tofauti ilikuwa kwa ndugu zao. Katika nusu ya maeneo, kila mtu mzima wa nyumbani naye alipewa kilo 5 za mchele, kilo 1 na nusu ya dali na vidonge vya vitamini, kila mwezi kwa miezi 6; watoto wadogo walipewa nusu ya fungu hilo. Mgonjwa akiwa na kifua kikuu sugu, kisichosikia dawa za kawaida, familia ilipewa kwa miezi 12. Nusu nyingine ya familia ziliendelea kula walichozoea.

Wakawafuatilia wote hadi Julai 2022. Katika familia zilizopewa chakula, watu 5,621, waliougua ni 96. Katika zile nyingine, watu 4,724, waliougua ni 122. Yaani kwenye kila watu elfu moja, huku wameugua kama 17, kule kama 26. Wataalamu walipokokotoa kwa utaratibu wao wakapata kwamba chakula kile kilipunguza kifua kikuu kwa asilimia 39, na kile cha mapafu kilichothibitishwa maabara kwa asilimia 48. Matokeo yalichapishwa Agosti 2023 katika jarida la udaktari la Lancet.

Hebu pima mwenyewe hizo kilo. Mchele kilo 5 kwa mwezi ni kama kikombe kimoja cha chai kwa siku kwa mtu mmoja. Dali ni konzi moja ndogo. Hapo hamna nyama wala samaki. Kwa bei za wakati ule, fungu la mtu mmoja wa nyumbani liligharimu kama dola 4 za Marekani kwa mwezi. Nimetumikia ugonjwa huu maisha yangu yote, na sijui chanjo ya bei hiyo iliyoukinga kiasi hicho kwa watu wazima.

Umeuliza mchele unazuiaje. Wadudu wa kifua kikuu wanaingia kwa pumzi, na watu wengi sana wanao mwilini bila kuumwa. Inakadiriwa ni kama robo ya watu wote duniani. Askari wa mwili wanawazingira wadudu hao, wanawajengea boma na kuwalinda wasitoke humo miaka na miaka. Mwili ukidhoofika kwa njaa, walinzi wanapungua, boma linabomoka, na wadudu wanatoka. Ndiyo maana nyumba mbili zinaweza kukoholewa sawasawa na zisiugue sawasawa. Kule Jharkhand, mtu mmoja kati ya kila watatu waliokuwa wakiishi na mgonjwa alikuwa na utapiamlo kabla ya kupewa chochote.

Sasa niseme lililonigusa. Nilijifunza kazi hii mwanzoni mwa miaka ya themanini, Dk. Karel Styblo na wenzake walipokuwa wakijenga mpango wa taifa wa kifua kikuu hapa Tanzania, mpango ambao baadaye ulikuwa mfano kwa nchi nyingi. Tulifundishwa jambo moja hadi likaingia kwenye damu: mgonjwa ameze dawa, na umuone akimeza. Msingi wa kumtibu mgonjwa akiwa kwake, badala ya kumlaza mwaka mzima, nao ulitoka India. Mwaka 1959 watafiti wa Madras, ambayo leo ni Chennai, walionyesha kwamba waliotibiwa nyumbani, kwenye vyumba vya kubanana na chakula haba, walipona sawa na waliolazwa sanatoria, yaani hospitali za kifua kikuu, wakala vizuri. Habari ile ilikuwa neema. Vitanda vilifunguka, watu wakarudi kwa watoto wao. Lakini pamoja na neema hiyo likaingia wazo kwamba chakula si hoja, dawa zinatosha. Tukaacha kuuliza.

Namkumbuka baba mmoja, mvuvi, katika zahanati niliyokuwa. Alikuwa akija siku tatu, anapotea siku mbili. Nikaandika kwenye kadi yake kwa wino mwekundu: mtoro. Siku moja mkewe ndiye aliyekuja, akaniambia kwa sauti ya chini, "Sista, siku ambazo hatujapika hawezi kumeza vidonge, vinamchoma tumbo na anavitapika vyote." Nilikuwa nimempima makohozi mara tatu, lakini sikuwahi kumuuliza mara moja jana alikula nini. Kuanzia siku ile nikawa naweka chupa ya uji chini ya meza yangu, mgonjwa anakunywa kikombe kisha anameza. Ulikuwa uji wangu kutoka nyumbani, haukuwa mpango wa mtu yeyote, na hautoshi hata kidogo.

Ndiyo maana nilipousoma utafiti wa Jharkhand nilikaa kimya muda mrefu. Zaidi ya wagonjwa 8 katika kila 10 walikuwa na uzito pungufu siku ya kwanza ya dawa. Dk. Anurag Bhargava alikuwa ameliona jambo hili zamani, alipokuwa akitibu watu wa vijiji vya Ganiyari, jimbo la Chhattisgarh. Mwaka 2013 yeye na wenzake walichapisha uzito wa wagonjwa wao: nusu ya wanaume hawakuzidi kama kilo 42, na nusu ya wanawake kama kilo 34. Kilo 34, mwanangu, ni uzito wa mtoto wa darasa la tano. Kisha Jharkhand wakaonyesha kwamba mgonjwa aliyeongezeka uzito kwa asilimia 5 ndani ya miezi miwili ya mwanzo, hatari yake ya kufa ilikuwa chini kwa asilimia 61 kuliko ya yule ambaye hakuongezeka.

Turudi kwako. Mzee amepewa kadi ya kliniki, na uzito wake wa siku ya kwanza umeandikwa humo. Kama ni kilo 50, unataka kuona angalau 52 na nusu baada ya miezi miwili. Kila mkienda apande kwenye mizani na nambari iandikwe mbele yako. Isipopanda, mwambie mhudumu wazi, usisubiri aulize. Inaweza kuwa chakula, inaweza kuwa dawa hazifanyi kazi, inaweza kuwa kisukari au ugonjwa mwingine.

Kuhusu chakula, mama mkwe ana huruma na mwanawe, nami namheshimu kwa hilo. Lakini sahani ya mgonjwa peke yake haidumu. Baba gani atakula yai huku watoto watatu wanamtazama? Atawamegea, na ndivyo ilivyo kwa baba yeyote mwenye moyo. Ukipika kwa wote, unakinga watoto na unalinda fungu la mgonjwa kwa pamoja. Pale Muheza machungwa yapo na ni mazuri, lakini usiyafanye ndiyo mlo. Tia nguvu kwenye maharage, kunde, choroko, mbaazi za nazi, dagaa wa kusaga, karanga ndani ya uji. Mafuta kijiko kimoja zaidi kwenye mboga ya mgonjwa. Ukibakiwa na maandazi, wape na kikombe cha uji wa karanga, yasiwe na chai ya rangi peke yake.

Vyombo msitenge. Kifua kikuu hakiambukizi kwa kijiko wala sahani. Kinaambukiza kwa hewa ya chumba kilichofungwa. Fungueni madirisha mchana kutwa, afunike mdomo akikohoa, na kwa wiki hizi za mwanzo alale chumba chenye hewa ya kutosha, ikiwezekana peke yake.

Na kabla ya yote, wiki hii wapeleke watoto wote watatu na mama mkwe wakapimwe, na wewe pia. Mtoto aliye chini ya miaka mitano, akionekana hana ugonjwa, ana haki ya dawa za kinga. Ziulizie kwa jina hilo hilo, dawa za kinga. Usiache kwa sababu umesoma hapa habari za mchele. Wale 96 waliougua Jharkhand walikuwa wamekula. Chakula kinapunguza hatari, hakiifuti, na hakijawahi kuchukua nafasi ya kidonge hata kimoja cha mume wako.

Ukirudi kutoka kliniki niandikie uzito wa mzee na wa kila mtoto. Nitausubiri.

SWALI

Sista, umewahi kuutaja utafiti wa Jharkhand kwenye redio. Mimi najiuliza: hizo familia ambazo hazikupewa chakula hawakuonewa? Watafiti walijua wana njaa.

Msomaji, Mwanza

JIBU

Swali lako ni zito na mimi pia lilinisumbua. Wakati ule hakukuwa na mpango wowote uliokuwa ukiwapa chakula ndugu wa mgonjwa kwa sababu ya kifua kikuu, kwa hiyo hawakunyang'anywa kitu walichokuwa nacho. Mgonjwa wao alipewa mfuko wake, na bila shaka walikula humo. Tena kuanzia Aprili 2020, wakati wa korona, serikali ya India iliongeza kilo 5 za nafaka bure kwa kila mtu aliyeandikwa kwenye kadi ya mgao wa chakula wa serikali. Kwa maoni yangu hayo mawili yamefanya tofauti ionekane ndogo kuliko ilivyo.

Hata hivyo maumivu yako ni ya haki. Wale 122 wana majina, na baadhi yao wasingeugua. Kinachonituliza ni kwamba ushahidi haukufungiwa kabatini. Mgonjwa wa kifua kikuu India alikuwa akipewa rupia 500 kwa mwezi za chakula tangu 2018. Kuanzia Novemba 2024 ni rupia 1,000. Na mwaka huo huo serikali ilitangaza kwamba vikapu vya chakula wanavyochangiwa wagonjwa viwafikie na wanaoishi nao nyumbani.