Matope ya Mwatate

Mwanangu Mghanga,

Barua yako niliisoma mara mbili kwenye simu, kisha nikamwomba binti wa duka la picha hapo stendi anichapishie. Maneno ya maana siwezi kuyasoma huku nikiyasukuma kwa kidole. Salamu za mkeo zimefika. Mwambie meza ya kulia itarudi kuwa meza siku moja. Mimi niliishi na marehemu baba yako na redio zake zilizopasuliwa matumbo kila kona ya nyumba, na sikufa.

Umeniuliza jambo moja tu: matope ya huku kwetu Taita yana rangi gani hasa, maana unataka kuyapaka kwenye hilo gari lako dogo la kuunda, Toyota Celica la mbio za Safari Rally za 1985, ukishalimaliza. Swali fupi, na jibu lake ni mstari mmoja. Lakini chini kabisa, kama utani, ukaandika kwamba subira hii ya kukaa miezi minne na gari la urefu wa sentimita 18 umeirithi kwa Mjomba Mwadime, "fundi wa gari la waya". Hapo nilivua miwani nikaiweka mezani.

Kwa hiyo matope yatangoja kidogo.

Hadithi ya Mjomba unaijua, kila mtu katika ukoo huu anaijua. Ulikuwepo kwenye harusi yako aliposhika kipaza sauti akawaambia watu wa upande wa mkeo jinsi alivyosuka gari la Safari kwa waya mmoja mzima, toka bampa ya mbele hadi taa za nyuma, bila kiungo hata kimoja. Walipiga makofi. Na mimi nilipiga. Nilikuwa nimevaa lile gauni la zambarau na sikutaka kukuharibia siku yako.

Viungo vilikuwa viwili, Mghanga. Kimoja chini ya dashibodi, kwa sababu waya uliniishia, na kingine kwenye ekseli ya mbele upande wa kushoto, ambako nilifunga kwa uzi wa shaba niliouchomoa ndani ya redio mbovu. Kile cha ekseli kilikuwa kinalegea ukikata kona kwa nguvu. Nimesema miaka yote, hata kwa wasichana ninaowafundisha cherehani: mwenye kitu ni yule anayejua kasoro yake iko wapi. Mteja anaona gauni. Mimi naona pale mkono ulipotetemeka.

Nilikuwa na miaka 12, darasa la sita. Mjomba wako alikuwa darasa la nane, wale wa kwanza kabisa wa mtaala mpya wa 8-4-4 waliofanya mtihani wa KCPE mwaka huo wa 1985. Gari nilianza kulisuka Januari. Waya niliutoa kwenye ua wa shamba la mkonge, na hilo Mungu ananidai bado. Magurudumu yalikuwa vifuniko vya makopo ya mafuta ya Kimbo, nikavivisha mpira nilioukata kwenye ndara za bibi. Taa za mbele vizibo vya soda. Zile nondo za kuzuia wanyama mbele ya gari, ambazo umeniandikia kwamba zilikuchukua jioni tatu kuzinyoosha, mimi nilizifanya kwa njiti za mwavuli. Na mikanda ya viti, wewe ambaye umeagiza vipande vya shaba vyembamba kama ukucha na kuvishika kwa kibano, mimi niliisokota kwa katani. Mkanda wa katani kwenye kiti cha waya ukitoka sawa, unakaa kama mkanda wa kweli, haukunjamani ovyo. Jaribu uone. Uzi wa kawaida una manyoya, na ukiwa mdogo hivyo manyoya yanaonekana kama nywele za mbuzi.

Umbo lake nililipata kwenye gazeti lililofungia sukari, picha ya mwaka uliotangulia, dereva Waldegård aliposhinda Safari kwa Celica la aina hiyohiyo. Lakini picha ilikuwa ya upande mmoja. Nyuma nilikuwa nakisia. Ndiyo maana Pasaka ilipofika nilitaka kuliona lenyewe, na ndiyo maana nilibeba langu hadi barabarani. Wenzangu walienda kuona mbio. Mimi nilienda kukagua kazi.

Tulikaa kwenye kingo juu ya Mwatate toka alfajiri. Usiku kulikuwa kumenyesha manyunyu. Yalipita mengi, yanasikika kwanza mbali kama mtu anararua shuka, kisha helikopta, kisha watoto wanapiga kelele, kisha matope usoni. Halafu moja jeupe likaja likichechemea, likasimama karibu nasi, gurudumu la nyuma limepasuka. Walishuka wawili, hawakumwangalia mtu, wakafungua, wakainua, wakabadilisha. Sijui kama zilifika dakika tatu. Wavulana wote walikuwa wanamtazama dereva. Mimi nilichuchumaa kwa nyuma na kitu changu cha waya kifuani, nahesabu. Taa za nyuma nilikuwa nimezikosea. Na vile vipande vya mpira vinavyoning'inia nyuma ya magurudumu kuzuia mawe, mimi sikuwa navyo kabisa. Nilifurahi kuliko siku yoyote ya utoto wangu. Nilifurahi kwa kugundua nilipokosea, unanielewa? Wewe nadhani utanielewa, mkeo pengine hapana.

Mjomba wako anaapa kwamba lilikuwa la Kankkunen, lile lile ulilo nalo mezani. Mimi siapi. Toyota walikuja na zaidi ya gari moja, na nambari ya mlangoni ilikuwa imezikwa. Waliposema kwenye redio ya VOK kwamba ameshinda Kankkunen, kijana wa Kifini wa miaka 26 ambaye hajawahi kukimbia Safari hata mara moja, tena kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma tu, mbele ya Audi na Peugeot zinazovuta kwa yote manne, Mwadime aliruka akasema "Ni yule!" Na Waldegård wa pili, naye kwa Celica la aina hiyohiyo. Kwa hiyo hata kama si yule, ni ndugu yake.

Sasa, muhula wa pili. Huo mtaala mpya ulileta sanaa na ufundi, na siku ya wazazi kila darasa lilitakiwa kuonyesha kazi za mikono. Gari lilikuwa zito na njia ni ya kupanda, kwa hiyo Mwadime alinibebea. Hilo tu. Alinibebea. Tulipoingia mlangoni mwalimu alimwona mvulana ameshika gari, akashangaa, akaliweka mezani, akachukua chaki akaandika jina la mvulana. Nikasema, "Mwalimu, ni langu." Akacheka, si kwa ubaya, akaniambia wasichana tupange vikapu upande ule.

Nikamtazama kaka yangu. Alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake.

Hakusema uongo, na hili nimelipima miaka yote. Hakufungua mdomo kusema "ni mimi". Alinyamaza. Na mtoto wa miaka 14 mbele ya mwalimu wa enzi zile angesema nini? Wewe hukuijua ile fimbo. Lakini njiani kurudi nyumbani alikuwa na kilomita mbili za kuniambia neno moja, akaniambia kuhusu mpira wa miguu.

Halafu mwenye gereji mmoja wa Voi alikuwa mgeni siku hiyo. Akalizungusha gari, akakata kona kwa usukani wa fimbo, ekseli ya kushoto ikalegea, akamwuliza Mwadime, "Hapa umefungaje?" Mwadime hakujua. Mtu yule akadhani ni haya. Alipomaliza shule akachukuliwa kujifunza umakanika. Na mshahara wake wa kwanza, wa pili, wa tatu, hadi miaka minne, ulienda wapi? Ulilipa karo yangu ya sekondari. Babu yako hakuwa na kitu. Kwa hiyo ukiniuliza kama Mjomba wako aliniibia gari, nakwambia ndiyo, na gari hilo ndilo lililonisomesha. Ningeandikwa mimi jina, yule bwana asingemchukua msichana gerejini, mwaka 1985, usidanganyike. Gari lingebaki gari la waya, na mimi ningebaki nalo. Najiambia hivyo. Kisha namsikia akisema "bila kiungo hata kimoja" na moyo unapanda hapa.

Angesema tu viungo ni viwili. Ningemwachia hadithi yote.

Simhukumu. Ni kaka yangu, amemzika baba yako kwa mikono yake, na sukari imempunguza macho. Na wewe usimwambie kitu, hasa sasa. Kama utamwambia, basi usitaje kwamba ni mimi nimekuandikia. Sijui. Amua wewe. Hapana, usimwambie.

Haya, matope. Umeuliza rangi moja na hapo ndipo unapokosea, samahani kwa kukusahihisha. Gari lililofika kwetu lilikuwa limetoka Voi, na vumbi la Voi ni jekundu la matofali, lile linalowafanya tembo wa Tsavo waonekane kama wamepakwa hina. Huku juu udongo umeiva zaidi, una kahawia ndani yake, na ukilowa unakuwa kama kahawa iliyobaki kikombeni. Kwa hiyo anza na Voi: kavu, jepesi, kila mahali, hata ndani kwenye viti. Halafu juu yake tupia la kwetu, bichi, nyuma ya magurudumu tu na kupanda milangoni, na lielekee nyuma, maana gari lilikuwa linakimbia. Watu wengi, nimeona picha ulizonitumia za wenzako, wanapaka tope kama siagi kwenye mkate. Tope halipakwi, linarushwa.

Kwenye kioo cha mbele acha zile pinde mbili za waipa. Taa wanazipangusa mafundi kila kituo, kwa hiyo ziwe safi kuliko bodi. Mpini wa mlango uwe safi kwa sababu ya mikono. Nyuma kabisa, kwenye buti, kuwe na vumbi tupu, jingi. Hewa inalinyonya pale. Na fanya hesabu yako ya 1 kwa 24, maana gari lako ni dogo mara 24 kuliko la kweli: tope la unene wa sentimita moja kwako halifiki hata nusu milimita. Mchanga wa kweli utaonekana kama mawe. Saga chaki ya rangi mpaka iwe kama poda ya uso, kisha saga tena.

Langu nililipaka tope halisi, Jumatatu ile ile ya Pasaka. Likakauka, likapasuka, likaanguka vipande. Nikachanganya na uji. Likashika, lakini sisimizi walikuja.

Kama ulipake au uliache jeupe linang'aa, hilo hukuniuliza na mimi sisemi. Miezi minne ya kazi kuifunika kwa uchafu ni jambo la kufikiria. Nyaya zote hizo za injini, na rangi ile uliyoipiga msasa mara sita. Lakini Celica safi la Safari mimi sijawahi kuliona, na nadhani hata wewe hujaliona. Sisemi.

Udongo wenyewe siwezi kukutumia, forodha yenu huko Uingereza haitaki udongo wa watu. Nimeumwaga kwenye sahani nyeupe, mkavu upande mmoja na mbichi upande mwingine, nikaupiga picha kando ya kopo la Blue Band. Rangi ya kopo hilo unaijua toka utotoni, kwa hiyo simu ikidanganya rangi utajua imedanganya kiasi gani.

Na kitu kimoja ambacho hakiko kwenye picha yoyote utakayoipata. Yule dereva alipokuwa anafunga nati ya mwisho, niliweka mkono kwenye bodi, nyuma ya gurudumu la nyuma la kushoto, nipime tope lilivyo nene. Gari liliondoka na alama zangu. Vidole vinne, si vitano, gumba halikugusa. Kidole changu wakati ule kilikuwa na upana wa milimita 12 hivi, kwa hiyo kwako ni nusu milimita. Tumia ncha ya kijiti cha meno, uichonge kwanza.

Mama yako