Maswali na Majibu: Simu Mpya, Mtandao wa Zamani

Barua nilizopokea mwezi huu zinazunguka jambo moja: je, kuna sababu yoyote ya kununua simu yenye uwezo wa 4G au 5G, kisha kuilazimisha itumie 3G au 2G, mitandao ambayo wengi wetu tulidhani tumekwisha kuiaga? Nimechagua saba. Naanza na ile iliyotoka milimani, kwa kuwa hali inayoielezea ni ya vijiji vingi.

Shikamoo. Mimi ni mwalimu huku Ludewa. Nimenunua simu ya 5G, lakini nikiwa nyumbani inaonyesha 4G yenye kijiti kimoja, na mazungumzo yanakatikakatika. Kitochi cha mke wangu, kikiwa juu ya meza hiyo hiyo, kinashika vizuri kabisa. Je, nimeuziwa simu mbovu?

Marahaba, Mwalimu. Simu yako ni nzima, ila imefundishwa kupenda kipya. Kitochi kinajua 2G peke yake, na 2G katika nchi zetu hurushwa kwa kiasi kikubwa katika masafa ya megahezi 900, ambayo husafiri mbali na hupenya kuta na miti kuliko masafa ya juu. Kwa kanuni za mfumo wenyewe, mnara mmoja wa 2G unaweza kuhudumia simu iliyo umbali wa hadi kilomita 35 iwapo hakuna mlima katikati. Mtandao wa 4G hurushwa katika masafa mbalimbali. Pale kampuni ilipofunga mitambo ya megahezi 700 au 800 huenda mbali vilevile, lakini pale ilipofunga ya 1800 au 2600 pekee, nyumba iliyo nyuma ya kilima hubaki na mabaki tu ya wimbi. Kitochi kikishashika wimbi lake hutulia, kwani hakina kingine cha kutamani. Simu yako, kwa upande wake, hung'ang'ania kile kijiti kimoja cha 4G, hukipoteza, hushuka chini, kisha hupanda tena mara tu inapokinusa, na katika kupanda na kushuka huko ndiko mazungumzo yanakokatikia.

Kwa hali yako, kushusha mtandao ni tiba halali. Katika simu nyingi za Android utafungua mipangilio, uingie sehemu ya mtandao na intaneti, uchague laini yako, kisha utafute mahali pa kuchagua aina ya mtandao unaopendelea. Katika simu za Samsung utapita kwenye miunganisho, kisha mitandao ya simu, kisha hali ya mtandao, na ikiwa simu yako iko katika Kiingereza utaona maneno "Network mode". Hapo chagua kwanza mstari unaounganisha 3G na 2G, ukae nao siku moja au mbili. Ukiona bado mazungumzo yanakatika, ndipo ushuke hadi 2G pekee.

Nasisitiza mpangilio huo kwa sababu 2G ina gharama ambazo muuza simu hatakueleza. Ukiwa katika 2G, intaneti husimama unapozungumza na simu na hurudi ukikata, jambo ambalo 3G iliondoa. Kasi yake nayo ni ndogo: herufi G ikionekana juu ya kioo unapata makumi ya kilobiti kwa sekunde, na herufi E ikionekana unaweza kufika kilobiti mia mbili na ushee mambo yakiwa mazuri kabisa, kiasi kwamba ujumbe wa maandishi wa WhatsApp utapita, lakini picha ya mtihani iliyotumwa na mwalimu mwenzako itakufanya uchemshe chai na kuinywa. Herufi H, au H yenye alama ya kujumlisha, ni 3G iliyoongezewa kasi, na kwa mtu wa milimani hiyo inatosha kwa mengi. Ukienda Njombe mjini, rudisha simu katika hali ya kujichagulia yenyewe. Nimekutana na watu waliokaa mjini miezi wakilalamikia intaneti, kumbe simu bado imefungwa katika mpangilio wa kijijini.

Mimi ni wakala wa huduma za fedha Morogoro. Kijana wa duka la simu alibonyeza namba fulani akaniwekea "4G tu" ili intaneti iwe kasi. Intaneti ni kasi kweli, lakini wateja wanasema sipatikani, na nikipiga *150*00# naambiwa kuna tatizo la muunganisho au msimbo batili. Shida ni laini?

Laini haina kosa, ndugu yangu. Kosa ni lile neno "tu". Na hapa niseme wazi kwamba kwa maoni yangu kumfungia mtu simu katika 4G pekee kuna madhara makubwa kuliko kumshusha hadi 2G, kwa sababu anayeshushwa huona mara moja kwamba intaneti imekuwa nzito, ilhali aliyefungwa juu hufurahia kasi bila kujua kwamba amejitoa katika orodha ya watu wanaoweza kupigiwa.

Mtandao wa 4G uliundwa kubeba data peke yake. Mazungumzo ya sauti hupita ndani yake iwapo tu kampuni ya simu imeweka huduma ya sauti juu ya 4G, iitwayo VoLTE, na iwapo simu yenyewe imekubaliwa kuitumia katika mtandao wa kampuni hiyo. Moja ya hayo likikosekana, mtandao hufanya ujanja: mtu akikupigia, mnara wa 4G huiambia simu yako ishuke haraka hadi 3G au 2G ikapokelee huko, na mazungumzo yakiisha simu hupanda tena. Ule ukimya wa sekunde kadhaa ambao mpigaji huusikia kabla ya simu kuita mara nyingi ni wa safari hiyo ya kushuka ngazi. Yule kijana ameiondoa ngazi yenyewe, hivyo simu yako haina pa kushukia, na mpigaji huambiwa kwamba hupatikani.

Menyu za fedha zinazoanza kwa nyota na kuishia kwa alama ya reli husafiri kwa njia ya zamani ileile ya sauti, si kwa njia ya data. Ndiyo maana kitochi kisicho na intaneti hutuma pesa bila taabu, na ndiyo maana simu yako yenye 4G inayong'aa inashindwa. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kutoa na kupokea fedha, hiyo ni sawa na kufunga duka na kuacha taa inawaka. Rudisha mpangilio unaojumuisha 4G, 3G na 2G kwa pamoja, zima simu na kuiwasha, kisha jaribu namba yako tena. Kama unataka kasi, waulize watoa huduma wako kama simu ya aina yako inakubaliwa katika huduma yao ya sauti juu ya 4G, na kama ndivyo, uiwashe katika mipangilio ya laini.

Nikiweka 3G badala ya 4G, bando langu litadumu zaidi?

Halidumu kwa sababu ya mtandao wenyewe. Picha ya megabaiti mbili ni megabaiti mbili kwenye 2G na kwenye 5G. Kinachotokea ni kwamba video zinazojirekebisha hushusha ubora zikikuta mtandao mzito, na wewe mwenyewe huchoka kusubiri ukaweka simu chini. Ukitaka nafuu ya kweli, shusha ubora wa video ndani ya programu na uzime upakuaji wa kujiendesha.

Na betri je? Fundi ameniambia 2G haili chaji kabisa.

Fundi wako ana nusu ya ukweli. Palipo na mawimbi mazuri ya 2G na simu ikiwa mfukoni bila kutumika, chaji hukaa sana, na hilo ndilo tunalolikumbuka kutoka enzi za kitochi. Lakini simu inapozungumza mbali na mnara, katika 2G ya megahezi 900 inaruhusiwa kurusha hadi wati 2 kwa mkupuo, wakati simu ya 4G kwa kawaida haizidi takriban wati 0.2. Mikupuo hiyo ya 2G huchukua sehemu moja tu kati ya nane ya muda, kwa hiyo wastani wake haujapishana sana na mitandao iliyofuata, ila si bure kama fundi anavyodai. (Wenye umri wangu wanaikumbuka mikupuo hiyo kwa masikio: ule mlio wa redio, trrr-trrr-trrr, uliotangulia kila simu iliyokuwa karibu kuingia, ulitokana nayo, maana hurushwa mara 217 hivi kwa sekunde na spika huinasa.)

Jambo linalokula chaji kupita yote ni simu kuhangaika kati ya mitandao mahali penye mawimbi hafifu, kama ilivyo kwa Mwalimu wa Ludewa. Hapo kushusha mtandao kunasaidia betri. Mjini, penye 4G imara, kushusha kunaweza hata kukuumiza, kwa kuwa kazi ambayo ingeisha kwa sekunde tatu huchukua dakika nzima huku redio ya simu ikiwa kazini.

Nimesoma kwamba 2G si salama na kwamba simu mpya zina kitufe cha kuizima. Niizime?

Ulichosoma ni kweli. Mfumo wa 2G ulianza kutumika mwaka 1991 huko Ufini, na waliouunda waliweka utaratibu wa simu kujithibitisha kwa mnara kupitia laini, lakini hawakuulazimisha mnara ujithibitishe kwa simu. Kwa hiyo mtu mwenye mtambo wa kuiga mnara anaweza kuzivuta simu zilizo karibu, kuzishusha hadi 2G na kuzitumia ujumbe wa kitapeli unaoonekana kana kwamba umetoka benki. Usimbaji wa kale wa 2G, yaani kufichwa kwa mazungumzo yasisikilizwe na wengine, nao ulikwisha kuvunjwa zamani. Kuanzia 3G, pande zote mbili hujithibitisha. Google iliweka kitufe cha kuzuia 2G kuanzia Android 12, ingawa hakipo katika kila simu, na hata ukiizima 2G, simu za dharura bado huruhusiwa kupita humo. Kwa iPhone, hali ya ulinzi mkali katika iOS 17 huzima 2G pia.

Ukiishi na kufanya kazi mjini, penye 3G na 4G kila mtaa, izime na usitazame nyuma. Ukisafiri kwa basi hadi vijijini, iwashe, la sivyo utafika mahali ambapo majirani wote wanazungumza na simu na wewe unatazama alama ya msalaba.

Shemeji yangu ameniletea simu kutoka Marekani. Niko Mombasa. Katika orodha ya mitandao sioni 2G wala 3G, ni 5G na LTE tu. Imeharibiwa?

Haijaharibiwa, imepangwa kwa ajili ya nchi ambako mitandao hiyo kwa kiasi kikubwa imezimwa, na kampuni iliyoiuza huenda imeuficha mstari huo. (LTE ni jina jingine la 4G.) Mara nyingi simu bado inajishusha yenyewe inapohitaji, hata kama haikuonyeshi chaguo. Katika simu kadhaa za Android unaweza kubonyeza *#*#4636#*#* ukapata ukurasa wa majaribio wenye orodha ndefu ya mitandao, ila ndio ukurasa ambao mafundi hutumia kuwafungia watu 4G tu, kwa hiyo ingia ukijua unachokitafuta, na usishangae chaguo likijifuta ukizima simu. Kagua pia kama simu hiyo inabeba masafa ya 4G yanayotumika Kenya. Na ikiwa ni iPhone 14 au toleo jipya zaidi iliyouzwa Marekani, haina tundu la laini kabisa. Itakubidi uombe laini ya kielektroniki.

Naishi Kigoma. Simu yangu hushika mtandao wa nchi jirani na salio linaliwa. Nikishusha hadi 2G itaacha?

Itazidi, kama nilivyoeleza juu ya megahezi 900, na maji ya ziwa hayana mlima wa kuyazuia mawimbi. Shida yako ni jina la mtandao, wala si kizazi chake. Ingia katika mipangilio ya laini, zima uchaguaji wa kiotomatiki wa mtandao, subiri orodha ijae, kisha uguse jina la kampuni yako ya nyumbani. Halafu zima data ya ukiwa ugenini. Mpangilio huo utakufaa Kigoma, Tabora na Dar es Salaam bila kuubadilisha, lakini siku utakayovuka kwenda Bujumbura, urudishe uchaguaji wa kiotomatiki kabla ya kumlaumu aliyekuuzia laini.