Wasomaji Wanauliza: Kibanda cha mtini na hema ya pwani, Pemba

Swali: Assalaam aleikum. Shambani kwetu Konde kuna mwembe mkubwa, na watoto wanataka niwajengee kibanda juu yake, walale huko likizo ya skuli. Seremala anasema apige misumari ya inchi sita kuzunguka shina, mbao zikae juu yake, basi. Mvinje na makuti ninayo. Mti hautadhurika?
*Baba wa watoto watatu, Konde*

Jibu: Waaleikum salaam. Utadhurika, na kibanda nacho hakitafika mbali. Chakula cha mti hupita kwenye ngozi ya ndani ya gome. Ukiuvisha mduara wa misumari, au ukaufunga waya, shina likizidi kunenepa linakabwa, na matagaa ya juu yanaanza kukauka. Msumari wenyewe huliwa na hewa ya chumvi mle ndani ya mbao ambamo huoni, kisha hukatika siku kibanda kimejaa watu.

Anza na mwembe. Ugonge kwa nyundo ndogo toka chini mpaka panapoanza matagaa. Ukilia mzito, ni mzima. Ukilia kama ngoma, ndani pana uwazi. Tazama na maungio ya matagaa: mawili yaliyobanana yakipanda sambamba, gome limemezwa katikati yao, ndiyo yanayopasuka kwenye upepo. Uyoga ukiota kwenye kitako cha shina, mizizi imeoza, na hapo usijenge kitu. Ukiwa na mkwaju, tungeutanguliza mbele ya mwembe kwa ugumu wake (wanaoogopa wakaazi wake wa usiku wana hiari yao). Mkarafuu usiuguse. Wachumaji wanajua matagaa yake yanavyokatika bila kuonya, na isitoshe ni mti wa pesa. Mshelisheli ni dhaifu vilevile, mbuyu ni nyuzi na maji, bolti haishiki. Mnazi hauna pa kukalia, una cha kukuangushia.

Ukishauchagua, usiubebeshe. Uzito ubebwe na nguzo, mti utoe kivuli. Kwa watu wa kulala hesabu kilo 200 kwa kila mita ya mraba. Sakafu ya mita 2.4 kwa 2.4 ni mita za mraba 5.76, kwa hiyo kilo zinapita 1,100, na hiyo si kazi ya misumari ya seremala wako.

Nguzo nne za mvinje zenye unene wa sentimita 15 zinatosha, lakini usizifukie. Mvinje ukigusana na udongo hushambuliwa na mchwa, na huoza pale pale usawa wa ardhi. Chimba mashimo ya sentimita 60, umimine zege la ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto, lipande sentimita 15 juu ya ardhi. Ndani yake simamisha vipande viwili vya chuma bapa, nguzo ikae katikati na kufungwa kwa bolti. Mchanga usiwe wa pwani, chumvi yake itakula chuma hicho.

Juu ya nguzo weka mihimili miwili ya inchi mbili kwa nane, kila kiungo bolti mbili za milimita 12 zilizopakwa zinki, pamoja na washa (kipande bapa chenye tundu) kila upande. Juu ya mihimili panga mbao saba za inchi mbili kwa sita, kila sentimita 40, halafu sakafu. Kisha zije mbao za mshazari, ambazo mafundi wengi huziruka kwa kubana matumizi. Nguzo nne zisizo na mshazari husimama vizuri mpaka watoto waanze kurukaruka, ndipo zinalala upande mmoja zote kwa pamoja. Weka mshazari kila upande, upande wa ngazi uuweke juu ili usizibe njia.

Kimo cha sakafu kisizidi mita 2. Shina likipita katikati, acha nafasi ya sentimita 8 pande zote, maana kusi ikivuma mti utatikisika, na kila mwaka utaongezeka. Ukingo uwe wa mita moja, na baina ya fito pasizidi sentimita 10, kichwa cha mtoto kisipite. Makuti yaezekwe kwa mwinuko mkali, nyuzi 45; paa lililolala huvuja msimu wa kwanza na kuoza wa pili. Usiku watumie taa ya betri. Kibatari na mshumaa visipande huko kabisa.

Swali: Tuliwapeleka vijana wa skuli pwani ya Vumawimbi. Tulisimamisha mahema asubuhi kwenye mchanga mkavu, mbali na maji. Usiku wa manane tukaamshwa na bahari. Tulikosea wapi?
*Mwalimu, Chake Chake*

Jibu: Mwalimu, bila shaka ilikuwa bamvua, yaani maji makubwa. Visiwani kwetu, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na siku mbili tatu baadaye, maji hujaa kiasi cha saa kumi, alfajiri na jioni, na hutoka kiasi cha saa nne. Aliyefika asubuhi huikuta pwani imepanuka kuliko wakati wowote, akadhani ndivyo ilivyo. Tofauti ya kujaa na kutoka hufika mita 4. Kila siku maji huchelewa karibu dakika 50. Ukitaka usalama nenda wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu.

Hata hivyo usitegemee kalenda peke yake. Tafuta mstari wa mwani mkavu na vijiti ulio juu kuliko yote, upite, usonge mpaka unapotambaa mlakasa, ule mmea wa pwani, ndipo upige hema. Angalia pia usiwe chini ya minazi.

Vigingi vya kawaida havishiki mchangani. Funga kamba kwenye mfuko uliojazwa mchanga, uufukie sentimita 30. Vumawimbi inatazama mashariki, upepo unaifikia moja kwa moja. Mwezi wa saba na wa nane, kusi ikiwa kali, Verani iliyo upande wa magharibi wa rasi ya Kigomasha ina utulivu zaidi. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, bakini nyumbani.

Swali: Sisi wanne, siku mbili. Maji kiasi gani, na jiko liwe la nini?
*Bi. harusi mtarajiwa, Mkoani*

Jibu: Lita 10 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupikia na kutawadha. Ni lita 80, madumu manne ya lita 20. Visima vya karibu na pwani mara nyingi vina chumvi. Jiko la mkaa linafaa, ila halingii ndani ya hema hata mvua inyeshe: moshi wake usioonekana unaua watu wamelala. Makaa yazimwe kwa maji. Ukiyafukia mchangani hubaki na moto kwa saa nyingi, na anayeyakanyaga ni mtoto.

Swali: Lazima tuombe ruhusa?
*Kijana, Wete*

Jibu: Lazima. Ukiwa kwenye shamba au pwani ya kijiji, nenda kwa sheha mchana, kabla hamjashusha mizigo, umweleze ni wangapi na mnalala siku ngapi. Mwenye shamba naye aulizwe, hata kama ni mjomba wako. Ndani ya msitu wa Ngezi usilale wala kuwasha moto bila idhini ya ofisi ya msitu iliyo langoni. Hapo hapo ulizia mtu wa kuwatembeza usiku, maana bundi wa Pemba, ambaye hapatikani penginepo duniani, hutafutwa kwa sauti yake, na asiyezoea njia za mle atapotea.